Mwenyewe Nani? Siku Sita Kutoka Gede Hadi Ngomeni

Nimerudi Mombasa wiki iliyopita. Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari lililolowa maji ya chumvi na picha nilizopiga kwa simu, kwa ajili ya wote walioniuliza nilikwenda kutafuta nini Ngomeni.

Kilichonitoa nyumbani ni pete. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kule Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja kuichukua na kueleza kuwa ni kipande cha roketi. Mimi hufundisha fizikia katika shule ya sekondari, na usiku huandika hadithi za kubuni za kisayansi kwa Kiswahili. Pete ile ilinikosesha usingizi. Nikaanza hadithi: kitu ambacho hakikutengenezwa na binadamu kinaletwa na maji kwenye pwani yetu. Sura ya kwanza ilitoka kwa siku mbili. Sura ya pili ikagoma mwaka mzima. Kila nilipojaribu kuandika watu wakikikuta kile kitu, zilikuja helikopta, wakaja askari, wakaja wataalamu waliovaa mavazi meupe, na wanakijiji wakabaki nyuma ya kamba wakishangaa. Nilikuwa natazama pwani yangu kwa macho ya kuazima. Basi shule zilipofungwa nikaona niende nikaulize watu wenyewe, na nipange safari nifike Ngomeni tarehe 12 Desemba. Sababu ya tarehe hiyo nitaieleza tukifika.

Jumanne, 9 Desemba: Mombasa hadi Malindi

Nilipanda matatu Buxton saa mbili asubuhi. Nauli shilingi 500, na makanga hakutaka mjadala: "Dada, ni msimu huu, kila mtu aenda kwao." Ni kilomita kama 120 tu, lakini barabara inajengwa na magari yalisimama kabla ya Mtwapa kwa saa nzima na nusu. Mama aliyekaa karibu nami alifungua mfuko wa viazi karai, akanipa viwili pamoja na ukwaju kabla hata ya kuniuliza jina. Alikuwa anakwenda Matsangoni kumzika shemeji yake. Tulizungumza juu ya marehemu mpaka daraja la Kilifi, nikanunua korosho za shilingi 200 nikampa nusu.

Malindi nilifika saa saba na nusu mchana. Gesti niliyopata iko karibu na mji wa zamani: shilingi 1,200 kwa usiku, feni inafanya kazi, neti haina tundu, maji ya bomba huja alfajiri tu. Jaza ndoo mapema. Kwa Desemba usiende bila kupiga simu kwanza. Nilikataliwa na gesti mbili kabla ya hii.

Jumatano, 10 Desemba: Gede

Matatu mpaka njia panda ya Gede shilingi 100, halafu nikatembea. Beba kitambulisho, kwani kiingilio cha mwananchi ni tofauti na cha mgeni, na hakikisha simu ina pesa ya kulipia. Beba maji pia, lakini ndizi ziache. Kima wa pale wanajua zipu za mikoba.

Nimewahi kufika Gede nikiwa darasa la sita. Wakati ule nilikumbuka kisima na mzimu tu. Safari hii nilikwenda na swali moja: mtu anasomaje vitu vya watu walioondoka bila kuaga? Mji ule ulihamwa karne ya 17. Kuta za mawe ya matumbawe zimo ndani ya msitu, kuna kasri, msikiti mkubwa, visima, vyoo ambavyo fundi wa leo angevionea fahari. Kuna kaburi lenye mwaka ulioandikwa, 802 wa Hijria, yaani 1399. Tangu 2024 mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini majina ya waliolala katika vile vyumba hayapo.

Hapo ndipo kijana aliyenitembeza aliponionyesha jambo ambalo darasa la sita lilinipita. Nyumba nyingi zimepewa jina la kitu kilichookotwa ndani yake. James Kirkman, aliyefukua hapa kuanzia 1948, alikuta makasi katika nyumba moja, ikawa Nyumba ya Makasi. Kuna Nyumba ya Taa ya Chuma. Kuna Nyumba ya Sarafu ya Kichina, ya Kauri, ya Bakuli. Familia nzima, pengine vizazi vitatu vya watu waliooana na kugombana na kusali pale, leo wanaitwa makasi.

Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba hiyo mpaka mvua ya rasharasha iliponifukuza. Niliandika hivi kwenye daftari: "Wageni wa angani wakitupatia chombo chao bila wao wenyewe, tutawaita kwa chombo hicho. Tutadhani wao ndio hicho." Kijana alinifunika kwa mwavuli wake akabaki akilowa, na aliponirudisha langoni alikataa nyongeza niliyompa. Nikamwachia mama anayeuza madafu pale nje amkatie moja akitoka kazini.

Alhamisi, 11 Desemba: nguzo, kisha Mambrui

Asubuhi nilitembea mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, iliyo kwenye rasi, na bahari inaitafuna miamba yake pande zote. Watalii hupiga picha na kuondoka. Mimi nilitaka kuitazama kama wanavyoitazama wale wanaoandika habari za kukutana na wageni. Aprili 1498 meli zisizojulikana zinatia nanga, zina mizinga ambayo pwani hii haijaizoea. Mombasa imezikataa. Malindi inazipokea, inazipa chakula na rubani anayeijua njia ya Bara Hindi, na mwezi uliofuata ziko Calicut. Wageni wanaacha nguzo. Mwaka 1505 wenzao wanarudi na kuichoma Mombasa. Ukisimama pale na kufikiri kwamba kitu chao cha kwanza kuachwa hapa kilikuwa jiwe lenye msalaba, lisilomdhuru mtu, unaona kwamba kukijua kitu si kujua nia ya aliyekileta.

Kifungua kinywa kilikuwa mahamri manne na mbaazi za nazi, shilingi 90 na chai ya tangawizi, kwa mama mmoja karibu na soko la zamani. Ukifika baada ya saa tatu utakuta sufuria tupu.

Saa tano nilipata matatu ya Mambrui, shilingi 100, tukavuka daraja la Sabaki. Mto ulikuwa mwekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, na wekundu huo ulikuwa unaingia mbali baharini. Mambrui ni mji mkongwe wa Waislamu, kwa hiyo vaa unavyovaa kwa watu wa heshima. Mimi nilijitanda leso juu ya dira. Nilikwenda kuona kaburi la mnara lenye mabakuli ya Kichina yaliyogandishwa kwa chokaa kwenye mawe. Mengine yamevunjika. Yaliyobaki bado yana rangi.

Nataka kukaa hapa kidogo, maana ndicho kitu kilichonigusa kuliko vyote kabla ya Ngomeni. Karne zile vyombo hivi vilivuka bahari nzima. Malindi nayo ilipeleka twiga China, mwaka 1415, na wenyeji wa kule walipomwona wakamwita jina la mnyama wao wa hadithi, qilin. Mwaka 2010 waakiolojia wa Kenya na China walifukua hapa Mambrui wakapata sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme yuleyule aliyepokea twiga. Sasa mfikirie fundi wa Mambrui ameshika bakuli. Anajua ni bakuli. Hajawahi kuliona tanuri lililolichoma wala hajui udongo gani unaweza kung'aa hivyo. Angeweza kulilia wali. Badala yake analipandisha juu ya kaburi la mzazi wa mtu, analitia chokaa, analielekeza kwenye jua. Teknolojia ya mbali, ambayo hakuna aliyeweza kuitengeneza hapa, ikapewa kazi ambayo walioitengeneza hawakuiwaza. Nimesoma hadithi nyingi ambamo binadamu wanakuta chombo cha viumbe wa nje na kupapasa vitufe vyake kwa hofu. Sijakumbuka hata moja ambamo wanakiweka juu ya kaburi.

Mzee aliyekuwa ananitazama kutoka barazani alinijia. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Wayahesabu?" Nikamwambia naandika hadithi. Akaniambia nisiguse tu, nihesabu nitakavyo, halafu akamtuma mjukuu aniletee maji ya baridi.

Nilirudi Malindi kulala. Njiani hakuna la kusimulia.

Ijumaa, 12 Desemba: Ngomeni

Sasa sababu ya tarehe. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe hiyohiyo mwaka 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, iliruka setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kupima eksirei za angani. Wataalamu wa Marekani waliitengeneza, Waitaliano wakairusha, na kwa kuwa ilikuwa siku yetu, msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, akaipa jina Uhuru. Mwaka 2025 imetimia miaka 55.

Kwa nini hapa? Kwa sababu Ngomeni iko karibu na ikweta, nyuzi tatu tu kusini, ambako dunia inazunguka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa na kuisukuma roketi inayoelekea mashariki, na upande huo wa mashariki hakuna kijiji cha kuangukiwa, ni bahari tupu. Majukwaa yalirusha setilaiti ya kwanza Aprili 1967 na ya mwisho Machi 1988.

Siku ya sikukuu magari ni haba. Nilisubiri Malindi kuanzia saa kumi na mbili na nusu, nikapata matatu ya Gongoni saa tatu, shilingi 200 badala ya 150. Kutoka Gongoni ni bodaboda, shilingi 250 pamoja na mkoba, njia ya vumbi katikati ya mashamba ya chumvi. Chumvi imerundikwa vilima vyeupe mpaka macho yanauma. Vaa miwani, funika mdomo. Kijana wa boda alisimama katikati akaniambia nipige picha, "maana wote hutaka."

Nilikuwa nimeagana kwa simu na nahodha mmoja anitoe baharini asubuhi ileile. Nilipofika akacheka. "Dada, leo Ijumaa. Hatutoki mpaka tusali, na baada ya kusali ni kula. Kesho alfajiri, inshallah." Kosa ni langu. Ukipanga safari ya bahari katika vijiji hivi, usiipange Ijumaa.

Nilikuwa nimesimama chini ya mkungu na mkoba miguuni, sijui nitalala wapi, Bi mmoja alipopita na ndoo ya kamba. Akaniuliza mtoto wa nani. Nikamtajia baba na mtaa wake Mombasa. Akatafuta kichwani, akapata mtu aliyeoa mtaa huo. Ikatosha. "Njoo ndani, jua hili si la kusimama." Nililala kwake usiku wa kwanza na wa pili, na hakukubali senti. Nilichoweza ni kununua mchele kilo tano na sukari, nikampa mkaza mwanawe ili asinirudishie.

Chakula cha mchana: wali wa nazi, kamba wa kukaanga kwa kitunguu na ndimu, kachumbari, pilipili mbichi. Tulikula uani. Na uani, pembeni ya mtungi wa maji, ndipo nilipokiona.

Kilikuwa duara, kikubwa kama sufuria la harusi, plastiki ngumu iliyopauka, juu kina vioo vyeusi vya sola, kwenye ubavu namba ndefu na maandishi ya kigeni. Bi alikuwa anakalia. Nilijua mara moja ni nini, kwa kuwa nimewahi kuwafundisha wanafunzi kuhusu mawimbi ya sauti kwa mfano wake: ni boya la meli kubwa za jodari. Huachwa likielea na bahari pamoja na chelezo chini yake, samaki wakusanyike kivulini. Chini ya boya kuna chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi, kikikadiria samaki walioko. Kisha boya huiambia setilaiti mahali lilipo na kilichoko chini yake, na meli iliyo mamia ya kilomita mbali inasoma. Mengine hupotea, yakaletwa pwani na mkondo.

Lakini sikusema kitu bado. Nikamuuliza mume wa Bi, mzee wa makamo ya babangu, hiki alikipataje.

"Kililetwa na kusi," akasema. "Mwaka juzi. Kilikuwa kinawaka taa usiku. Watoto wakakimbia, wakasema jini."

"Na mkafanyaje?"

Akanitazama kama niliyeuliza jambo lililo wazi. "Tukatafuta mwenyewe. Kitu cha kuokota si chako. Sheria ni kukitangaza mwaka mzima. Baada ya swala ya Ijumaa tukatangaza msikitini. Wavuvi wakapewa salamu wapeleke Mambrui, Malindi, na upande wa juu mpaka Kipini: Ngomeni kuna kitu cha duara kinachowaka, mwenyewe aje na alama zake."

"Alama?"

"Aseme kina namba gani, kina nini. Asije tu mtu akasema changu. Mwaka ukaisha, hakuja mtu. Basi akapata kiti mama watoto."

Nikaweka sahani chini. Miezi kumi na miwili sura ya pili ilinishinda, na jibu lilikuwa limekaliwa na Bi akimenya kamba. Watu hawa walikutana na mashine wasiyoijua, inayowaka na kuzungumza na anga. Hawakuuliza kwanza itatufanya nini, wala tutaifanya nini. Waliuliza mwenyewe nani.

Nikawaeleza sasa boya lile ni nini na lilifanya kazi gani. Pakawa kimya. Bi akaacha kumenya.

"Kwa hiyo kilikuwa kinatuhesabia samaki wetu."

"Wa bahari kuu, Bi. Lakini ndiyo, kilikuwa kinahesabu."

"Basi ndio maana hakuja," akasema mzee. "Mwenye nia njema huja kuchukua kitu chake."

Jioni walinipeleka mpaka mahali ambapo majukwaa yanaonekana mbali, miguu ya chuma imesimama majini. Sikupiga picha upande wa kituo cha nchi kavu, na nakushauri uulize kabla ya kutoa simu. Kituo bado kinafanya kazi ya kuwasiliana na setilaiti, ikiwemo Swift, darubini iliyorushwa 2004 kuwinda milipuko mikubwa ya ulimwengu. Mzee alikuwa mtoto enzi za roketi. Anachokumbuka ni moto kupanda bila sauti, halafu sauti ikafika wakati moto umekwisha kuwa nyota, na mama yake akimvuta ndani. Nikamwambia ile ya 1970 iliitwa Uhuru. Hakuwa anajua. Alilirudia neno mara mbili, polepole, akitazama maji.

Jumamosi, 13 Desemba: baharini, na usiku wa vimondo

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri kwa mashua ya mashine, shilingi 3,000 pamoja na petroli. Yalikuwa maji mafu, kaskazi inavuma taratibu. Nahodha alikaa mbali na majukwaa na hakusogea hata nilipomwomba, na alifanya vizuri. Kutu imeyala. Ndege wamekaa juu. Mahali pale paliporushwa Uhuru pananuka mbolea ya ndege na chumvi.

Katika maji haya ya Ngomeni kuna meli nyingine pia, iliyozama karne nyingi zilizopita, na wapiga mbizi wa akiolojia wamekuta humo vipande vya shaba na pembe za ndovu. Nahodha aliniambia hilo kwa namna ya mtu anayetaja jirani. Bahari moja ina meli isiyojulikana chini na jukwaa la roketi juu, na yeye anapita katikati kuvua changu.

Mchana nililala. Jua liliniunguza mabega, usidanganywe na upepo.

Usiku wa tarehe 13 ndio kilele cha vimondo vya Geminidi kila mwaka, na mwezi ulikuwa hautoki mpaka baada ya usiku wa manane. Bi alitandika mkeka ufukoni. Walikuja wajukuu wanne na mpwa wake anayesoma chuo Kilifi. Upande wa bara, kundinyota la Cygnus lilikuwa linazama. Niliwaonyesha kabla halijapotea: humo, mahali ambapo macho hayaoni kitu, setilaiti iliyotoka hapa mbele yetu ilipima eksirei zikipepesuka kwa kasi, na kipimo hicho ndicho kilichowaongoza watu kuamini kuwa kuna shimo jeusi, mahali ambapo hata mwanga hautoki. Uhuru ilituachia orodha ya vyanzo zaidi ya 300. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel 2002.

Kimondo cha kwanza kikapita. "Shetani huyo amerushiwa," akasema mzee. "Walikuwa wakipanda kusikiliza ya mbinguni kwa siri. Wakifukuzwa hurushiwa moto." Mpwa akasema basi na kile kituo pale kinasikiliza ya mbinguni. "Kile kinasikiliza waziwazi," mzee akamjibu, "kina lango na jina."

Nikawasimulia habari ya Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge ambaye mwaka 1967 alipata mapigo ya redio kutoka angani, kila sekunde 1.33, bila kukosa. Yalikuwa sawasawa mno hata wenzake wakayapa jina la utani la watu wadogo wa kijani. Yakawa ya nyota iliyokufa inayozunguka. Na mwaka 1971 Uhuru nayo ikapata mapigo ya eksirei, kila sekunde 4.8, katika kundinyota la Centaurus. Mjukuu mdogo akaanza kugonga ubao wa mashua: ngo, ngo, ngo. "Hodi," akasema.

Hapo nikawaambia jambo ambalo huniuma. Mwaka 1977 vyombo viwili vya anga, Voyager 1 na Voyager 2, vilirushwa vikiwa na santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55 kwa yeyote atakayeiokota. Kimo Kiganda. Kimo Kinyanja. Kiswahili hakimo. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa na hakuna wa kuikimbilia.

"Wangesema nini kwa Kiswahili?" akauliza Bi.

"Karibu," akasema mpwa.

"Karibu wapi? Chombo si kinakwenda kwao? Aendaye kwa watu husema hodi." Alifikiri. "Na aseme ni mtoto wa nani. Wataanzaje kutafuta mwenyewe?"

Nikamweleza kwamba hilo lilifanyika: kwenye kifuniko cha santuri kumechorwa mahali jua letu lilipo, likipimwa kwa nyota 14 za mapigo, za aina ileile aliyoigundua Bell. Bi akaridhika. "Basi wameweka alama," akasema.

Tulihesabu vimondo 61 kabla watoto hawajalala.

Jumapili, 14 Desemba: kurudi

Boda mpaka Gongoni, matatu mpaka Malindi, nyingine mpaka Mombasa, jumla shilingi 950. Kwa safari nzima nilitumia shilingi 12,400 pamoja na mashua na mchele. Bi alinifungia kamba wakavu kwenye gazeti na halikufika Kilifi bila abiria wote kujua.

Nilimuuliza mzee wakati wa kuagana: mwenye boya akija sasa, baada ya mwaka kupita, itakuwaje? "Atapewa. Haki yake haifi," akasema. "Lakini atakaa kwanza, atujibu."

Magari yalisimama tena Mtwapa, na safari hii sikujali. Askari nimewafuta wote, na helikopta. Kitu kinafika na kusi, kinapumua mwanga, na jioni ya kwanza mpiga mbiu anapita mitaani na pembe yake akiomba mwenyewe ajitokeze na alama zake. Manahodha wanapeleka salamu kaskazini na kusini. Kule kwenye kituo cha mawasiliano, binti wa kijiji aliyeajiriwa huko anaomba ruhusa tangazo hilo hilo lipelekwe juu. Nina kurasa kumi na nne. Mwaka wa kutangaza umefika mwezi wa tatu, na bado hajaja mtu.